Simba Nimpe Ngapi?

Muhammad Ali anayeishi ndani ya kompyuta ya mpwa wangu hakuwahi kufungiwa. Mwaka 1967 unapita, 1968 unapita, naye yumo ulingoni kila baada ya miezi michache. Ana miaka 26, miguu bado myepesi, anatetea mkanda dhidi ya Joe Frazier ambaye hajakomaa, dhidi ya Jerry Quarry, dhidi ya Jimmy Ellis aliyekuwa akimsaidia mazoezini. Kijana akirudi jioni kutoka dukani Mtaa wa Aggrey anaoga, anakula, anafungua kompyuta yake ya mtumba na kumpangia Ali pambano jingine. Tunakaa Jangwani, si mbali na jengo la Yanga, upande ambao masika yakikaza watu huanza kupandisha vitu juu ya meza na makabati kwa kuuogopa Mto Msimbazi. Kwetu kompyuta ndiyo hutangulia kupanda, televisheni hufuata.

Mchezo wenyewe ukiutazama unachosha. Vijana wa mabanda ya gemu, waliozoea kushika padi na kurusha ngumi za Tyson kwa vidole gumba, wangeuona adhabu. Hauna watu wanaotoka jasho kwenye kioo, una maandishi na tarakimu tu. Kila bondia amepewa alama zake: anavyoweza kuitawala raundi, uzito wa ngumi, pumzi, urahisi wa kuchanika usoni, ugumu wa kidevu, hata tabia ya kucheza rafu. Ukishapanga pambano unabonyeza, raundi inakwenda yenyewe, mistari inashuka: Ali anazunguka kushoto, Quarry anachanika juu ya jicho, refa anaita daktari. Mwisho majaji watatu wanatoa kadi zao, na rekodi ya mtu inaongezeka au kuharibika. Michezo ya namna hii ilianza zamani, mezani, kwa karata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndugu wawili wa Marekani, Jim na Tom Trunzo, walitoa mmoja ulioitwa Title Bout, na baadaye ukaingizwa kwenye kompyuta. Wapenzi wake ni watu wa aina fulani, wale wanaoweza kubishana usiku kucha juu ya pambano lililopiganwa kabla hawajazaliwa. Kariakoo ina watu hao wengi, ila hawajui kwamba upo mchezo uliotengenezwa kwa ajili yao.

Nilichokuja kukipenda humo ni ule uhuru wa kurudisha miaka. Ali halisi aliitwa jina lake Houston tarehe 28 Aprili 1967, akakataa kusogea hatua moja mbele kuingia jeshi lililokuwa likipigana Vietnam. Akanyang'anywa leseni na mkanda, na Juni akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000, akabaki nje kwa dhamana akisubiri rufaa. Alikuwa amempiga Zora Folley tarehe 22 Machi mwaka huo. Hakupigana tena hadi alipokutana na Quarry mjini Atlanta, tarehe 26 Oktoba 1970. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kumfutia hatia Juni 1971, majaji wanane kwa sifuri, lakini mahakama haina uwezo wa kumrudishia mtu miguu ya miaka 25. Mpwa wangu anao.

Ajabu ni kwamba Ali huyo wa kompyuta, ambaye hakudhulumiwa, ananichosha. Anashinda na kushinda tena. Mchezo una nafasi ya jeraha, ya umri, ya kuongezeka uzito, ya kushuka kiwango. Hauna mahali popote pa kuandika kwamba mtu alikataa. Mtengenezaji wa programu simlaumu, maana angeiwekaje? Alama ngapi kwa kusema hapana mbele ya serikali yako mwenyewe, huku ukijua kitakachofuata? Lakini ukilitoa hilo, unabaki na bondia hodari wa Louisville ambaye babu zetu wa Kariakoo wasingekuwa na sababu ya kumwita mtoto wao jina lake.

Kuna mahali ambapo mchezo unasema kweli kuliko sisi mashabiki. Tukizungumzia Kinshasa, 30 Oktoba 1974, tunazungumza kana kwamba ushindi ule ulikuwa umeandikwa. Kompyuta haidanganyiki. Inamtazama George Foreman: miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, 37 kati ya hayo kwa knockauti. Inaona alivyomwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili kule Kingston mwaka 1973, na Ken Norton alivyomaliziwa raundi ya pili Caracas mwaka uliofuata. Hao wawili wote walikwishampiga Ali. Kisha inamtazama Ali, miaka 32. Inapiga hesabu yake, na mara nyingi mno Foreman anashinda, tena mapema. Mpwa wangu huwa anakasirika na kurudia. Mimi nadhani asikasirike. Pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, jua likiwa linachomoza Dar es Salaam, na waliokesha wakisubiri habari walikuwa na haki ya kuogopa. Mtu aliyejiegemeza kwenye kamba raundi baada ya raundi, akiacha mwenzake apige mpaka mikono ichoke, alifanya jambo ambalo tarakimu zake za siku iliyotangulia hazikuwa nalo. Kompyuta inapompa Foreman ushindi inatuonyesha ukubwa wa kile kilichotokea raundi ya nane.

Ali mwenyewe aliwahi kuuzwa kwa mashine akiwa hai. Wakati wa kifungo chake cha ngumi, mtayarishaji wa vipindi wa Miami, Murray Woroner, alitangaza redioni mashindano ya mabingwa wa uzito wa juu wa nyakati zote, matokeo yakitolewa na kompyuta ya NCR 315. Ali akatolewa na Jim Jeffries, mtu aliyekuwa bingwa tangu 1899 hadi 1905. Akafungua kesi ya dola milioni moja kwa kuharibiwa jina. Waliishia kupatana, na sehemu ya mapatano ikawa filamu: Ali dhidi ya Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu na mapambano 49 bila doa. Mwaka 1969 waliingizwa studio, Marciano na miaka yake 45 amepungua mwili na kuvaa nywele za bandia, wakacheza raundi fupi fupi zaidi ya 70 na kupigwa picha kwa miisho mbalimbali bila kuambiwa nani atashinda. Wiki chache baadaye Marciano alikufa kwa ajali ya ndege. Filamu ikaonyeshwa tarehe 20 Januari 1970 katika kumbi kama 1,500, na Wamarekani wakaona Marciano akishinda kwa knockauti raundi ya 13. Watazamaji wa Ulaya walionyeshwa mwisho mwingine, Ali akishinda. Mashine ilikuwa moja na hesabu ilikuwa moja, lakini kila mnunuzi alipewa ushindi wake.

Basi tusiifanye kompyuta kuwa kadhi.

Jambo jingine nimeliona kwa kila anayecheza mchezo huu, na mpwa wangu hana tofauti na wenzake: hakuna anayemwacha Ali afike kwa Larry Holmes. Wote humstaafisha baada ya pambano la Manila, Oktoba 1975, au mwisho kabisa baada ya Earnie Shavers mwaka 1977, pale daktari wake Ferdie Pacheco alipojitoa kambini kwa kuona hatari. Ali wa kweli alistaafu 1979, akarudi Oktoba 1980 kupigwa na Holmes mpaka kona yake ikasimamisha baada ya raundi ya kumi, akaongeza na Trevor Berbick Desemba 1981 kule Nassau. Rekodi ikafungwa kwa mapambano 61, akiwa ameshinda 56 na kupoteza matano. Mwaka 1984 madaktari wakataja ugonjwa uliokuwa ukimtetemesha. Wachezaji wanamwonea huruma ambayo mapromota hawakuwa nayo.

Na katikati ya kustaafu na kurudi huko ndipo alipokuja kwetu. Mwanzoni mwa Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Kituo cha kwanza kikawa Dar es Salaam. Watu walimpokea kwa shangwe. Serikali haikuwa na shangwe hiyo. Mwalimu Nyerere hakumwona. Nchi kumtuma mcheza ngumi, hata awe nani, kujadili sera ya nje na mkuu wa nchi nyingine ilichukuliwa kuwa ni kudharauliwa, na aliyekutana naye akawa waziri aliyeshughulikia vijana na utamaduni, Chediel Mgonja. Waandishi wa habari wakamuuliza swali ambalo waliomtuma kutoka Washington hawakumwandalia jibu: Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976 kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ali hakuwa na habari ya mgomo ule. Alisema wazi kwamba hakuambiwa. Akaendelea na safari, Nairobi wakamsikiliza, na Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha mbili, ambazo hadi leo ndizo medali pekee za Olimpiki nchi hii ilizonazo.

Siku ile mtu aliyepoteza miaka yake kwa kukataa alikuja kuomba wengine wapoteze yao, akakutana na nchi iliyokwisha kupoteza. Mwaka 1976 Bayi ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, aliyoiweka Christchurch miaka miwili nyuma akimtangulia John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilingoja wakutane Montreal. Walker akakimbia bila yeye na kuchukua dhahabu. Mbio hizo ambazo hazikuwapo zimeandikwa sana, zinaweza kukisiwa, kuna sekunde za Bayi na sekunde za Walker, mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kukaa akazikimbiza kwenye karatasi. Mabondia wetu waliobaki nyumbani mwaka huo je? Hapo ndipo mpwa wangu alipokwama, na mimi pamoja naye.

Mchezo unaruhusu kumtengeneza bondia ambaye hayumo. Kijana aliponiambia anataka kumwingiza Titus Simba nilifurahi kama mtu aliyesikia jina la ukoo likitajwa ugenini. Akafungua fomu tupu, akaandika jina, akaandika nchi. Kisha akageuka:

"Mjomba, Simba nimpe ngapi?"

"Sifuri!" ikajibu sauti ya mdogo wake kutoka chumba cha pili. Huku Jangwani swali la namna hiyo halihitaji maelezo, kila mtu anadhani unawataja watani wa Yanga, klabu ya Simba.

Lakini swali lilikuwa zito. Tunajua nini juu ya Titus Simba? Tunajua kwamba Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alifika fainali ya uzito wa kati na kurudi na medali ya fedha. Tunamjua aliyemshinda: John Conteh, kijana wa Liverpool wa miaka 19, baba yake mtu wa Sierra Leone. Conteh alihamia ngumi za kulipwa, na tarehe 1 Oktoba 1974, mwezi uleule wa Kinshasa, akamshinda Jorge Ahumada kule Wembley na kuwa bingwa wa dunia wa WBC uzito wa juu mwepesi. Conteh yumo ndani ya mchezo. Pumzi yake ina tarakimu, kidevu chake kina tarakimu, ngozi ya uso wake ina tarakimu. Na Simba, aliyesimama naye ulingoni siku ya fainali, ni fomu tupu.

Najua, Simba hakuwa wa uzito wa juu, na mpwa wangu alianza na wazito. Ukanda wetu haukubarikiwa nao sana. Waganda waliotikisa dunia, kina Ayub Kalule na John Mugabi, walikuwa wa uzani wa katikati. Mtu mkubwa wa mwili aliyevuma ukanda huu kwa ngumi kabla ya kuvuma kwa mengine ni Idi Amin, bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi katika miaka ya 1950. Mwishoni mwa 1978, majeshi yake yakiwa yamevamia Kagera, alitangaza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, refa awe Muhammad Ali, naye Amin atapigana mkono mmoja umefungwa. Pambano hilo mpwa wangu alitaka kulitengeneza pia. Nilimkataza. Yako mambo ambayo hata kwa mzaha hayafai, na waliozika watu wao Kagera wanajua kwa nini.

Turudi kwa Simba. Kwa nini hana tarakimu? Enzi zake ngumi zetu zilikuwa za ridhaa. Pambano ni raundi tatu za dakika tatu, hakuna promota mwenye haja ya kutunza rekodi ili auze tiketi ya pambano lijalo. Ngurumo, gazeti lililopita mikononi mwa watu wengi hapa Kariakoo kabla halijafungwa mwaka 1976, lilikuwa na kurasa chache za kugawana siasa, matukio, mashairi na michezo yote. Redio ilitangaza, na sauti ikaishia hewani. Televisheni Bara haikuwapo hadi 1994. Zanzibar ilikuwa nayo, ya rangi, tangu mapema miaka ya 1970, wakati majirani wengi hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Lakini Zanzibar ngumi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu enzi ya Mzee Karume, marufuku iliyodumu zaidi ya nusu karne na kuondolewa juzi tu chini ya Rais Mwinyi wa sasa. Kwa hiyo upande mmoja wa bahari kulikuwa na ngumi bila kamera, na upande wa pili kamera bila ngumi. Mtu akikuuliza historia ya masumbwi yetu imekwenda wapi, mwambie ilizama hapo kwenye mkondo kati ya Dar na Unguja.

Linganisha na Hassan Mwakinyo wa Tanga. Septemba 2018 aliitwa kwa haraka kwenda Birmingham kupigana na Sam Eggington, akatarajiwa kupoteza, akammaliza raundi ya pili mbele ya kamera za Waingereza. Kabla wiki haijaisha, orodha ya BoxRec, daftari la mtandaoni ambalo mabondia na mapromota wa dunia nzima wanaliangalia, ilikuwa imemrusha kutoka huko chini alikokuwa hajulikani na kumweka miongoni mwa 20 wa juu wa uzito wake. Vijana wetu walisherehekea namba ile karibu sawa na ushindi. Nami nilisherehekea. Ila nilifikiri: kama pambano hilohilo lingefanyika mwaka 1970, kwa ngumi zilezile, katika ukumbi usio na kamera, Mwakinyo angekuwa leo hadithi ya mzee mmoja kijiweni, na wasikilizaji wanacheka pembeni.

Ali alipoteza miaka mitatu na nusu, na dunia inaijua siku ya kuanza na siku ya kwisha. Folley upande huu, Quarry upande ule, na pengo katikati linaonekana kwa sababu kingo zake zote mbili zimeandikwa. Watu wanalilia, wanalitungia vitabu, wanalijaza kwa kompyuta. Simba hana pengo. Huwezi kusema mgomo wa 1976 uliwaibia nini mabondia wa Tanzania, kwa sababu hujui walikuwa na nini mwaka 1975. Mtu ambaye miaka yake haikuhesabiwa hana namna ya kuthibitisha kwamba ameibiwa mingine.

Mpwa wangu, akiwa mtoto wa Kariakoo, hakukubali kushindwa na fomu. Akachukua alama za Conteh kijana, akapunguza kidogo kila mahali, akampa Simba. Kwenye pumzi akaongeza.

"Mbona pumzi umemzidishia?"

"Wa kwetu, Mjomba. Wa kwetu huwa hawachoki."

Nikamwambia huo si ushahidi, ni ushabiki. Kama tunajaza fomu kwa mapenzi basi tumpe na mkanda wa dunia kabisa. Akanyamaza kidogo, halafu akanirudishia habari niliyomsimulia mimi mwenyewe, ya Woroner na mashine yake. Jim Jeffries alipewaje alama za kumtoa Ali? Alipigana mwanzoni mwa karne ya 20, picha zake ni chache na mbovu. Nani alimpima pumzi? Waliulizwa waandishi wa ngumi na watu wazima waliokuwa na maoni. Maoni yao yakaandikwa kuwa tarakimu, tarakimu zikaingizwa kwenye mashine, zikatoka zimevaa koti la sayansi.

Sikuwa na la kumjibu, na nimeendelea kulifikiria. Nilidhani tofauti yetu na wao ni kwamba wao wana ushahidi na sisi tuna hadithi. Sehemu kubwa ya walichonacho ni hadithi vilevile. Wazee wa New York walibishana kama Jeffries angempiga Jack Dempsey, kama wazee wa hapa walivyobishana juu ya kizazi cha Habibu Kinyogoli, aliyepigana Olimpiki ya Munich 1972 kisha akawafundisha vijana wa Ilala kwa miaka mingi, au baadaye juu ya Rashid Matumla, Snake Man, na mkanda wake wa WBU. Ubishi wa hapa hauna upungufu wa akili wala wa macho. Nimesikia mzee mmoja kwenye kijiwe cha kahawa akieleza kwa mikono jinsi bondia fulani alivyokuwa akiangusha bega la kushoto kabla ya kurusha kulia, na kwa nini wapinzani walichelewa kuligundua. Hicho ndicho hasa ambacho fomu ya mpwa wangu inakiuliza. Mzee alimaliza kahawa yake akaondoka, na hakuna aliyekuwa na kalamu.

Napajua pa kuanzia. Atakayesema kazi hii ni ya vyama vya ngumi au ya wizara, simkatalii, ila waliowaona mabondia wa 1970 wamefika miaka ya sabini na themanini, na hawatangoja bajeti. Hata mchezo wa kompyuta, ambao wengi watauona upuuzi wa kijana asiye na kazi, umefaa kwa jambo moja: unauliza maswali kwa mpangilio. Alikuwa mkono gani? Aliingia au alisubiri? Raundi ya tatu alikuwaje? Aliwahi kuangushwa, na aliinuka? Alichanika kirahisi? Muulize mzee yeyote wa ngumi maswali hayo na utaona uso unavyobadilika, kwa kuwa siku zote ameulizwa tu alishinda au alishindwa.

Simba wa mpwa wangu alipambanishwa na Conteh upya. Matokeo nayaacha, yanategemea ile pumzi ya kupewa bure, na mwaka mwingine kijana mwingine atampa zaidi. Namwomba msomaji jambo lililo nje ya kompyuta. Kama una baba, mjomba au jirani aliyepigana ngumi za ridhaa, au aliyekaa karibu na ulingo, mwendee wiki hii na daftari. Andika jina la bondia na la mpinzani, uzito, ukumbi, mwaka kama anaukumbuka, na kila alichokiona raundi kwa raundi, hata kama kinapingana na alichokuambia mwingine. Andika na ubishi wao. Tiketi, bango, picha, kipande cha gazeti, vipige picha kabla mvua haijavifikia. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipeleke Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kutoka Kariakoo ni mwendo wa miguu.